Nyumba Yetu, Kiwanja cha Nani? Historia Fupi ya Hati za Ardhi Mwambao

 

Ramadhan ya mwaka jana, usiku mmoja baada ya tarawehe, tulikuta watu wamejaa kwenye baraza ya jirani yetu hapa Majengo, Mombasa. Hawakuwa wakinywa kahawa wala kupiga soga kama ilivyo ada. Mmoja alikuwa ameshika barua ya wakili na vijana wanammulikia kwa simu aisome. Habari yenyewe ilikuwa fupi: mwenye kiwanja amefariki, warithi wake wameuza, na mnunuzi anataka nyumba 7 ziondoke. Nyumba moja katika hizo 7 ni ya nyanya yangu.

Nyanya aliposomewa alicheka kwanza. Akasema, "Nyumba hii kaijenga baba yangu. Mimi nimezaliwa chumba kile pale. Sasa mimi ni wa kuondoshwa niende wapi?" Kisha akaniamuru nimtolee sanduku lake la bati chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na risiti za kodi ya kiwanja za miaka mingi, zingine zimeliwa na mende. Kila risiti ina jina la kaka yake mkubwa, Allah amrehemu. Jina la nyanya halimo hata katika karatasi moja.

Mimi nasoma historia chuo kikuu, si wakili. Lakini swali la nyanya lilinikosesha usingizi mpaka daku. Inakuwaje mtu awe na nyumba lakini asiwe na ardhi iliyo chini yake? Na inakuwaje familia ikae mahali umri mzima halafu karatasi ya jana iwashinde? Nilipoanza kusoma niligundua kuwa jawabu halianzi na yule mnunuzi. Linaanza zaidi ya miaka 100 nyuma.

Zamani za mashahidi

Kabla ya Waingereza, watu wa mwambao walimiliki ardhi kwa sheria ya Kiislamu pamoja na ada za wenyeji. Mtu aliyefyeka msitu usio na mwenyewe, akalima na kupanda, alihesabiwa kuwa ameihuisha ardhi iliyokufa, na wanavyuoni wanaliita jambo hili ihyaa. Alama ya umiliki ilikuwa mti. Minazi na miembe huishi miaka mingi kuliko aliyeipanda, kwa hivyo mti ulikuwa ushahidi tosha. Ukiuliza shamba hili la nani, unaambiwa minazi ile alipanda fulani, babake fulani.

Tena miti ilikuwa na hesabu yake na ardhi ina yake. Mtu aliweza kuuza minazi au kuiweka rehani bila kuuza ardhi, na hata leo kwa ndugu zetu Wamijikenda utakuta mnazi una mwenyewe na udongo una mwenyewe mwingine. Nyumba ilikuwa vivyo hivyo. Mtu aliweza kujenga kwenye ardhi ya mwenzake kwa kuazimwa, ambako katika fiqhi huitwa ariya, au kwa kukodi, ambako ni ijara. Nyumba ilibaki kuwa ya aliyejenga.

Wale waliosoma fiqhi ya madhhab yetu ya Shafi watakumbuka mlango wa ariya. Mwenye ardhi akimwazima mwenzake ajenge, na hawakuwekeana sharti la kubomoa, basi akitaka ardhi yake hana ruhusa ya kulivunja jengo bure bure. Kuna haki ya fidia hapo. Yaani wanavyuoni walijua karne nyingi zilizopita kuwa ugomvi wa nyumba na kiwanja utakuja, wakauwekea mizani.

Mikataba mikubwa iliandikwa na kadhi kwa hati za Kiarabu. Lakini mambo mengi yalikwenda kwa mashahidi: wazee wa mtaa, majirani wa mpaka mmoja, jamaa. Ilitosha, kwa sababu kila mtu alimjua mwenzake, na kadhi aliwajua wote.

Miezi 6 iliyogeuza mambo

Tarehe 14 Disemba 1895 Sultani wa Zanzibar, Hamed bin Thuwaini, alitia saini mkataba na Waingereza. Ukanda wa maili 10 kutoka pwani ukabaki ni milki ya Sultani kwa jina, lakini ukaendeshwa na Waingereza kwa malipo ya pauni 17,000 kwa mwaka. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu mpaka 1963. Mali za watu binafsi zilitakiwa ziheshimiwe. Makadhi na maliwali wakabaki.

Hapo ndipo shida ilipoingia. Serikali mpya ilitaka kujua ni ardhi ipi ina wenyewe na ipi ni yake. Kampuni na walowezi wa Kizungu nao walitaka kununua mashamba ya mwambao, lakini waliogopa kulipa leo halafu kesho atokee mtu wa tatu aseme ardhi ni yake. Walitaka karatasi ambayo haipingiki.

Karatasi hiyo ililetwa na Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Serikali inatangaza eneo fulani. Kila anayedai ardhi katika eneo hilo ana miezi 6 ya kupeleka dai lake kwa Msajili wa Hati. Dai linasikilizwa, mashahidi wanaitwa, ardhi inapimwa, na anayeshinda anapewa cheti cha umiliki. Cheti hicho kilikuwa hoja ya mwisho dhidi ya kila mtu. Na ardhi ambayo hakuna aliyeidai ndani ya muda ilihesabiwa kuwa ardhi ya Taji, yaani ya serikali ya Mwingereza.

Sasa tujiulize, ni nani aliyeweza kudai? Ni mtu wa mjini aliyesikia tangazo, ambaye ana hati ya kadhi, anajua kusema na maofisa, na ana uwezo wa kuwalipa wapimaji. Familia kubwa za Waarabu na Waswahili, na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wameshika rehani za mashamba, walipeleka madai. Wengi walipata.

Na nani aliyekosa? Wa kwanza ni wale waliotoka utumwani. Utumwa ulifutwa kisheria hapa mwambao mwaka 1907, mwaka mmoja tu kabla ya sheria hii. Serikali iliwalipa fidia waliokuwa mabwana, lakini aliyekuwa mtumwa hakupewa hata kipande cha shamba alilolilima maisha yake yote. Wengi waliendelea kulima palepale kwa ruhusa ya mwenye shamba, na ruhusa haiandikishwi. Wa pili ni Wamijikenda waliolima ndani ya ukanda wa maili 10. Serikali iliwaona kama watu wa hifadhi zao huko bara, haikuwaona kama wenye ardhi ya pwani. Wa tatu ni wanavijiji wa kila kabila ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo mzima, haina jina la mtu mmoja, na sheria ilitaka jina.

Kazi ya kusajili ilianzia upande wa Malindi, ikaja Mombasa, kisha ikakwama miaka ya 1920 kabla ya kumaliza mwambao wote. Lakini pale ilipopita iliacha mafungu mawili: wenye vyeti na wasio navyo. Hawa wa pili ndio waliokuja kuitwa maskwota. Neno lenyewe linauma ukifikiri kuwa wengine wao makaburi ya babu zao yamo ndani ya hayo mashamba wanayoambiwa wamevamia.

Majengo yetu haya

Wakati huohuo mji wa Mombasa ulikuwa unafura. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1896, na gati za maji marefu za Kilindini zilikuwa zinafanya kazi kufikia 1926. Vibarua, mabaharia na wafanyabiashara walikuja kutoka kila pembe, na Mji wa Kale haukuwatosha. Wenye vyeti vya ardhi nje ya Mji wa Kale wakaona njia nzuri ya kupata pesa: wakagawa mashamba yao ya minazi kuwa viwanja vidogo vidogo, wakavikodisha kwa mwezi. Mpangaji anajenga nyumba yake mwenyewe, udongo na miti na makuti, baadaye mabati. Vyumba kulia, vyumba kushoto, ukumbi katikati, uwani nyuma, na baraza mbele. Anaishi chumba kimoja na kukodisha vingine.

Hiyo ndiyo asili ya kile kinachoitwa nyumba bila ardhi. Kwa fiqhi haikuwa ajabu, ni ijara ya kawaida. Kwa sheria ya Kiingereza ni kinyume kabisa, kwani kwao kilichoshikamana na ardhi huwa ni cha mwenye ardhi. Mahakama za hapa mwambao zimeutambua mtindo huu kama ada maalum ya pwani, na nyumba bila ardhi huuzwa, hununuliwa na kurithiwa mpaka leo. Tatizo ni kuwa makubaliano mengi yalikuwa ya mdomo. Wazee walishikana mikono, wakasoma Fatiha, ikaisha. Maadamu mwenye ardhi yu hai na kodi inalipwa, hakuna shida. Shida huja akifa, watoto wake wakawa Nairobi au Ulaya, na bei ya kiwanja ikapanda.

Uhuru ulikuja na karatasi zilezile

Wengine husema mambo haya yangerekebishwa wakati wa uhuru. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua kuhusu mwambao. Sisi Waislamu tunazikumbuka barua hizo kwa sababu ya ahadi ya mahakama za kadhi. Lakini ndani yake mlikuwa na ahadi nyingine: hati za ardhi zilizokwisha sajiliwa mwambao zitaendelea kutambuliwa. Kwa aliyekuwa na cheti ilikuwa himaya. Kwa aliyekosa mwaka 1908 ilikuwa mlango kufungwa mara ya pili. Na ile ardhi ya Taji ikawa ardhi ya Serikali ya Kenya, ambayo wakubwa waligawiana. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi za umma zilivyogawanywa nchi nzima kinyume cha sheria, fukwe zikiwamo.

Sheria ya 1908 ilidumu zaidi ya miaka 100, mpaka ilipofutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Katiba ya 2010 ilikuwa imeshaunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhulma za kihistoria. Mwaka 2016 sheria ikaweka muda wa miaka 5 wa kupeleka madai hayo, na muda ukaisha Septemba 2021. Waangalie wenzangu. 1908 ilikuwa miezi 6, safari hii ni miaka 5, na bado nimekutana na wazee ambao hawakusikia kabisa kuwa dirisha lilifunguliwa.

Maswali matatu ya barazani

Usiku ule wa barua maswali yalikuwa mengi. Haya matatu ndiyo yaliyorudiwa sana.

La kwanza: "Tumekaa zaidi ya miaka 12, kwani ardhi si yetu tayari?" Ni kweli sheria ya Kenya inamruhusu mtu aliyekalia ardhi ya mwenzake kwa miaka 12 kwenda mahakamani kuomba aandikishwe kuwa mwenyewe. Lakini ni lazima awe amekaa waziwazi, bila kukatizwa, na bila ruhusa ya mwenye ardhi. Anayelipa kodi ya kiwanja amekaa kwa ruhusa. Zile risiti za nyanya zinathibitisha kuwa nyumba ni yetu, na zinathibitisha pia kuwa kiwanja si chetu. Na ardhi ya umma haipatikani kwa njia hii hata ukikaa miaka 100. Juu ya hayo, tuliosoma madrasa tunajua kuwa haki ya mtu haifutiki mbele ya Allah kwa kupita miaka, kwa hivyo hata pale sheria inaporuhusu ni vyema mtu auhoji moyo wake.

La pili: "Mwenye hati ana neno la mwisho?" Zamani za 1908 ilikuwa karibu hivyo. Leo hati inaweza kufutwa ikithibitika ilipatikana kwa hila, kwa rushwa au bila kufuata utaratibu. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali. Kiwanja kiligawiwa mara ya kwanza mwaka 1989, kampuni ikaja kukinunua baadaye, na mwaka 2017 kaunti ikavunja ukuta ili watu wapate njia ya kwenda baharini. Majaji walisema haitoshi kuonyesha hati, lazima ifuatwe mpaka kwenye mzizi wake. Mzizi ukiwa mbovu, aliyenunua hana kinga hata kama alilipa pesa zake. Kwa hivyo anayenunua ardhi leo asiangalie mhuri tu. Aulize ilitoka kwa nani, na huyo aliipata vipi. Na hata anayetaka kumwondoa mtu kwa madai kuwa amekaa bila haki anatakiwa atoe notisi ya maandishi ya miezi 3, na aliyepewa notisi ana haki ya kwenda mahakamani kabla haijaisha.

La tatu: "Twende kwa kadhi au mahakama ya ardhi?" Katiba imempa kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kwenda kwake. Ugomvi wa nani mwenye ardhi ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa ufupi, kadhi atakwambia marehemu kaacha warithi gani na kila mmoja ana fungu gani. Kiwanja ni cha nani ni swali la mahakama nyingine. Wengi hupoteza miaka kwa kugonga mlango usio wake.

Dhulma iliyo ndani ya nyumba zetu

Nilipofika hapo nilikuwa nimejaa hasira juu ya Mwingereza na miezi yake 6. Kisha nikakumbuka lile sanduku la bati. Nani aliyeacha jina la nyanya nje ya karatasi? Si Mwingereza. Ni sisi.

Babake nyanya alipofariki aliacha mke, watoto wa kiume 2 na nyanya. Hesabu yake kila mwanafunzi wa mirathi anaijua. Mke ana thumuni. Ukigawa mali mafungu 40, mke ana 5, kila mwanamume 14, na nyanya 7. Mama yao alipofariki naye, yale mafungu yake 5 yakawarudia watoto, 2 kwa kila mwanamume na 1 kwa nyanya. Kwa hivyo nyanya ana mafungu 8 katika 40, yaani thumni na kitu? La, ni humusi kamili, moja katika tano. Lakini mirathi haikugawanywa. "Tutaigawa, nyumba haiendi popote." Kodi ya kiwanja ikalipwa kwa jina la kaka mkubwa kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akienda kulipa. Hakuwa na nia mbaya. Alipofariki, watoto wake wakakua wakijua nyumba ni ya baba yao.

Hivi ndivyo ilivyokuwa 1908 pia. Wengi waliopoteza hawakuporwa kwa upanga. Walikuwa na haki inayojulikana na kila mtu mtaani, isipokuwa haikuandikwa, na siku ilipotakiwa iandikwe wao hawakuwapo. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, inatuamuru tuandike madeni, tuweke mwandishi mwadilifu na mashahidi, na tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Tunaihifadhi, tunaisoma kila Ramadhan katika juzuu ya tatu, halafu tunaacha nyumba ya mayatima bila hata karatasi ya daftari.

Baada ya Idi wenye nyumba zile 7 walikusanya risiti zao mahali pamoja, wakachangishana, wakatafuta wakili. Kesi iko mahakamani na hukumu ni ya Allah kisha ya majaji. Sisi upande wetu tulikwenda kwa kadhi na wajukuu wote, upande wa kaka wote wawili, tukaeleza warithi mmoja mmoja mpaka tukamaliza. Kulikuwa na maneno kidogo, si mambo ya kuandika hapa, lakini tulitoka tukiwa bado jamaa.

Karatasi ilipotoka nilimsomea nyanya. Aliniambia nirudie pale penye jina lake. Nikarudia. Akaichukua, akaikunja, akaiweka ndani ya sanduku juu ya zile risiti.

Ndugu yangu, mwezi huu jamaa wanakutana kwenye futari kuliko mwezi mwingine wowote. Wazee wapo. Kabla ya kahawa kuisha, chukua kalamu uwaulize: nyumba hii ilijengwa na nani, kiwanja ni cha nani, aliyefariki aliacha nani, na dada zake walipata nini? Andika, na waliopo watie saini. Tusingoje barua ya wakili ndiyo ituulize.

Wabillahi tawfiq.